Mwizi wa Kitabu ni Mwizi

Wako watu kati yetu, tena watu wa kanisani, wasiothubutu kugusa kuku wa jirani wala kuvunja hindi moja katika shamba la mtu. Walakini wakiingia katika duka la vitabu mikono yao hupata wepesi wa ajabu. Kitabu kidogo huingia chini ya koti. Kitabu cha nyimbo hutumbukia kikapuni chini ya mchicha. Kitabu cha hesabu hufichwa ndani ya daftari lililolipiwa. Na mtu huyo akiisha kutoka nje hajioni kuwa mwizi, ajiona msomi. Ukimwonya hucheka, akakujibu kwamba aibaye kitabu hakuiba, ametafuta elimu tu. Neno hili twalipinga leo kwa nguvu zetu zote. Na sisi walimu yatupasa kuwa wa kwanza kulipinga, maana sisi ndio tuliowahimiza watu kupenda vitabu, na sasa mapenzi hayo yamefanywa ngao ya wizi.

Udhuru huo ni wa zamani, wala haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1919 mwandishi mashuhuri wa China, Lu Xun, alitoa hadithi fupi ya mtu jina lake Kong Yiji, msomi aliyeshindwa mitihani ya serikali, akawa fukara, akaishi kwa kunakili vitabu vya watu kwa ujira. Mara kwa mara alitoweka pamoja na vitabu, karatasi na kalamu za mwenye kazi. Watu wakimcheka kilabuni, yeye hujitetea kwa maneno mazito ya kisomi, kwamba msomi akichukua kitabu asihesabiwe kuwa ameiba. Mwisho wake aliingia kuiba katika nyumba ya mkubwa mmoja, akapigwa hata akavunjwa miguu. Hatuwasifu waliompiga, kwa kuwa adhabu yao ilikuwa ya kikatili kupita kosa lake. Lakini mtazameni mtu huyo vizuri. Alikuwa na maneno mengi ya kuupa wizi jina jingine, wala hakuwa na neno hata moja la kumwambia mwenye kitabu. Na ndugu zetu wa leo ndivyo walivyo. Basi na tuzipime hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza ni hii: elimu ni ya Mungu, nayo haiuzwi. Twakubali kwamba elimu ni kipawa cha Mungu. Mvua nayo ni kipawa cha Mungu. Je, kwa sababu hiyo twaweza kubeba mtungi wa jirani uliojaa maji ya mvua, tukasema tumechukua mvua tu? Maji yalishuka bure, lakini mtungi ulifinyangwa na mtu, ukachomwa, ukabebwa, ukanunuliwa. Kitabu ni mtungi wa elimu. Yuko aliyekitunga usiku taa ikimwaka, yuko aliyekisahihisha, yuko aliyepanga herufi, yuko aliyepiga chapa, yuko aliyeshona kurasa na kutia jalada, yuko dereva aliyekileta katika barabara ya matope. Hao wote wala jasho lao. Anayetaka elimu ya bure aende kwa aliyesoma, akamwulize. Mtu wa heri atamfundisha asimdai kitu. Hiyo ndiyo maana ya elimu kuwa bure. Karatasi, wino, gundi na kazi ya mikono havikupata kuwa bure tangu dunia kuumbwa.

Sheria nayo haikuweka mlango wa kutokea. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 258, yaeleza kwamba mtu huiba achukuapo kitu cha mwingine kwa hila na pasipo haki ya kukidai kuwa chake. Haikuongezwa hapo kwamba kitabu kimesamehewa. Na amri ile fupi tuisomayo katika Kutoka 20:15 haina nyongeza yoyote, wala hatumjui nabii aliyetumwa kuiongezea.

Hoja ya pili ni kwamba mwenye duka ni tajiri, kitabu kimoja hakimdhuru. Na tufanye hesabu, kama tufanyavyo na watoto darasani. Tuseme mwuza vitabu hununua kitabu kwa shilingi 7,500, akakiuza kwa shilingi 10,000. Ameleta vitabu 4, amelipa shilingi 30,000. Ameuza 3, amepokea shilingi 30,000. Cha nne kimeibwa. Faida yake i wapi? Hana hata senti moja. Na bado hajalipa kodi ya nyumba, nauli ya mzigo, wala mshahara wa msaidizi. Yaani yule aliyeiba kitabu kimoja ameifanya kazi ya kuuza vile vitatu kuwa kazi ya bure. Wakitokea wezi wa namna hiyo wawili watatu kila juma, duka haliwezi kusimama, hata mwenyewe akiwa na subira ya Ayubu.

Tena mara nyingi anayelipa si tajiri huyo anayedhaniwa. Katika maduka mengi, siku ya kuhesabu mali ikifika na vitabu vikaonekana vimepungua, anayeulizwa ni msaidizi, kijana au dada yule asimamaye mchana kutwa mbele ya rafu. Yeye ndiye akatwaye mshahara, yeye ndiye ashukiwaye, na pengine yeye ndiye afukuzwaye kazi, hali hakuchukua kitu. Mwizi wa kitabu amemwibia fukara mwenzake, kisha amemwachia na aibu ya wizi. Mtu huyo akisoma kile kitabu jioni, na ajiulize ni nani aliyelala bila chakula ili yeye asome.

Liko jambo moja la Marekani lifaalo kukumbukwa hapa, kwa kuwa huko hoja hii ya utajiri ilipigwa chapa kabisa. Mwaka 1971 mtu mmoja, Abbie Hoffman, alitoa kitabu kwa jina la Steal This Book, yaani Iba Kitabu Hiki. Ndani yake aliwafundisha vijana njia nyingi za kupata vitu pasipo kulipa, akishikilia kwamba wenye makampuni makubwa na wakubwa wa serikali ndio wezi wa kweli. Wachapishaji wengi walikikataa. Maduka mengi ya vitabu nayo yalikataa kukiweka, yakiogopa kwamba wateja watalitii jina lake. Hata hivyo maelfu mengi ya nakala yaliuzwa. Neno hilo, yaliuzwa, msilipite upesi. Mwalimu wa wizi mwenyewe alitaka kitabu chake kisimame rafuni na kiwafikie watu. Na ili kiwafikie ilihitajika mpiga chapa anayelipwa, mwenye duka anayelipwa, na mnunuzi atoaye fedha. Kama kila msomaji angalilitii jina la kitabu kile, duka la kwanza tu lingalikipokea, na la pili lisingalikipokea. Wizi hauwezi kulisha hata mahubiri yake mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nasi hatutaidharau. Husemwa: sisi ni maskini, bei ya kitabu ni kubwa, na njaa ya elimu ni njaa kama njaa nyingine. Ni kweli kwamba bei ni kubwa. Mkulima auzaye debe la mahindi ili ampatie mwanawe vitabu vya mwaka ajua uchungu wake, wala hatuwezi kumwambia kwamba haumii. Lakini Maandiko yenyewe yameitazama njaa hii. Someni Mithali 6:30–31. Hapo twaambiwa kwamba watu hawamdharau sana mwizi aliyeiba kwa kuwa ana njaa. Walakini akikamatwa atalipa mara saba, hata ikimpasa kutoa mali yote ya nyumba yake. Basi njaa yaweza kupunguza dharau, deni haliondoi. Wahenga wetu nao walisema kwamba mla mbuzi hulipa ng'ombe. Na ikiwa ndivyo kwa njaa ya tumbo, iuayo mtu, si zaidi kwa njaa ya kusoma, ambayo yaweza kungoja mpaka mavuno, na ambayo jirani aweza kuishibisha kwa kuazima?

Mtume Paulo naye alikuwa na njaa hiyo. Katika 2 Timotheo 4:13 twamwona kifungoni, akiagiza aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee yu gerezani, na kifo chake ki karibu, bado atamani kusoma. Hakumwagiza Timotheo apitie nyumba za matajiri. Aliagiza vitu vyake alivyoviacha, mahali palipojulikana, kwa mtu aliyejulikana kwa jina. Apendaye vitabu kwa kweli hujua kila kitabu ni cha nani.

Hoja ya nne twaona haya hata kuitaja, lakini yafaa itajwe. Wako wasemao: nimechukua Biblia, au kitabu cha sala, na Mungu hawezi kukasirikia mtu atakaye Neno lake. Ndugu, je, utaifungua ukurasa gani? Ukifungua Kutoka, imekushitaki. Ukifungua Mithali, imekudai mara saba. Ukifungua Waefeso 4:28, wakuta mwibaji akiambiwa aache, afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Kitabu hicho ulichokificha kifuani kitakuwa shahidi juu yako kila ukifunguapo. Biblia ya Kiswahili tuijuayo kwa jina la Union Version ilitoka mwaka 1952, na kabla ya mwaka huo wafasiri wa pwani na bara walitaabika miaka mingi wakipima neno kwa neno ili sisi tupate kuelewa. Kuipata kazi ya namna hiyo kwa wizi ni kuwatukana waliotaabika, na Yeye waliyemtaabikia.

Tumezijibu hoja nne. Sasa twataka kusema neno ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Mwizi wa kitabu hudhani kwamba amemwibia mwenye duka. Kwa kweli anayeibiwa zaidi ni msomaji anayekuja nyuma yake.

Yaoneni yaliyopata vitabu katika nchi ya Uingereza. Katika kanisa kuu la Hereford iko maktaba ambayo vitabu vyake vimefungwa kwa minyororo mpaka leo. Makabati yake yalitengenezwa mwaka 1611. Kila kitabu kina mnyororo uliofungwa kwenye ukingo wa jalada lake la mbele, na ncha ya pili imepitishwa katika ufito wa chuma uliolazwa kwenye rafu. Kwa ajili ya mnyororo vitabu vimesimama migongo yake ikielekea ndani, ili msomaji akikitoa kitabu mnyororo usijisokote. Aliyetaka kusoma alisoma palepale kwenye meza iliyo mbele ya rafu, asiweze kwenda nacho hata hatua tano. Wako wadhanio kwamba minyororo ya zamani iliwekwa kuwanyima watu elimu. Sivyo, iliwekwa ili kitabu kisiondoke. Na waliokuwa wakiingia katika maktaba za namna ile hawakuwa wahuni wa njiani. Walikuwa wachungaji na wanazuoni. Mnyororo ulitengenezwa kwa ajili ya mkono wa msomi.

Kwetu hatuna minyororo, lakini tazameni jinsi maduka yetu yanavyoanza kufanana na gereza. Katika duka moja vitabu vimewekwa nyuma ya kaunta, na mteja huonyeshwa jalada kwa mbali kama mgonjwa wa macho anayepimwa kwa herufi za ukutani. Katika duka jingine vimefungiwa kabatini nyuma ya kioo, na mwenye ufunguo amekwenda kula. Katika maduka makubwa ya mijini hutiwa kipande chembamba ndani ya kitabu, na mlangoni pana chombo cha kupiga kelele, navyo vyote vina gharama, na gharama hiyo huingia katika bei ambayo mtu mwaminifu ataitoa. Zamani mtoto wa kijijini akifika mjini aliweza kusimama mbele ya rafu, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mmoja, akaondoka na kiu ya kurudi siku atakapopata fedha. Wengi walianza kupenda kusoma kwa njia hiyo. Mtoto wa leo akinyosha mkono huambiwa asiguse. Ni nani aliyemfungia rafu? Ni yule aliyetutangulia na koti lake pana.

Na liko baya kuliko hilo. Kwa ajili ya mwizi, maskini mwaminifu hutazamwa kwa jicho baya. Akiingia amevaa kandambili na nguo iliyochakaa, msaidizi humfuata nyuma rafu kwa rafu, kana kwamba umaskini ni ushahidi. Mwenye viatu vizuri na mkoba wa ngozi huachwa apite, na pengine ndiye. Basi msemaji yule asemaye kwamba huiba kwa niaba ya maskini, na ajue kwamba amewavika maskini wote sura ya wezi.

Mwisho wa mambo haya ni duka kufungwa. Katika miji yetu mingi ya wilaya mtu hatafuti duka la vitabu la tatu wala la nne. Akilipata moja hushukuru, tena nusu ya rafu zake zina madaftari na kalamu. Duka hilo likianza kupata hasara, mwenyewe hafi njaa. Huondoa vitabu akaweka sabuni, sukari na vocha za simu, vitu viuzwavyo upesi na kulindwa kwa urahisi. Siku hiyo mji mzima umenyimwa vitabu, na mwizi naye amenyimwa pamoja nao.

Twageuka sasa kwa wale wapokeao. Wako wazazi waonao kitabu kipya mkononi mwa mtoto, hali wajua kwamba hawakumpa fedha, nao hunyamaza kwa kuwa ni kitabu na si sigara. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto aliyejifunza kwamba baba hakasiriki kwa kitabu kilichoibwa amejifunza kwamba wizi wapimwa kwa uzuri wa kitu kilichoibwa, na kesho ataona vitu vingi vizuri. Wako walimu wenzetu wanunuao kwa nusu ya bei vitabu visivyo na asili, wakiletewa mlangoni jioni, wala hawaulizi vimetoka wapi. Mwalimu wa namna hiyo asiwahubirie watoto habari za amri kumi mpaka ameanza kuuliza. Na wako wahubiri wakaliao kitabu cha kuazimwa mpaka mwenyewe amekufa. Hao hatuwaiti wezi wa dukani, lakini ni binamu zao.

Kwa wenye maduka nao tuna neno. Msiwafanye wasomaji wote wafungwa kwa kosa la wachache. Wekeni walau rafu moja wazi mbele ya macho yenu, na benchi, mtu aketi asome kidogo. Pokeeni fedha kidogo kidogo, mwandike katika daftari, mpaka bei itimie mtu achukue kitabu chake. Wala msimkate msaidizi mshahara kwa wizi asioufanya. Huko nako ni kuiba.

Na kwa wasomaji wenzetu, dawa ipo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu 20 wa mtaa mmoja wa kanisa wakitoa shilingi 500 kila mmoja kwa juma, wamepata shilingi 10,000, yaani kitabu kimoja kama kile cha hesabu yetu. Kwa mwaka wamepata vitabu 52, vyote vimelipiwa, na kila mmoja amevisoma vyote kwa bei ya viwili na nusu na kidogo. Sanduku la mbao lenye kufuli, daftari la kuandikia majina, na mzee mmoja mkali wa kulitunza, hiyo ni maktaba. Haihitaji ruhusa ya mtu yeyote wala msaada wa kutoka ng'ambo.

Tena aliyekwisha kuchukua, na arudishe. Zakayo, katika Luka 19, hakuahidi kwamba hatarudia tu. Aliahidi kurudisha mara nne. Kitabu kilichochafuka kisirudishwe, kilipwe. Kama unaona haya kuonekana, tia fedha katika bahasha, andika jina la kitabu, uipeleke dukani au umpe mchungaji aipeleke. Dawa ya deni ni kulipa, wala hatujasikia kwamba iko nyingine.

Ndugu zetu, watu wengi katika nchi hii wangali wakingoja kitabu chao cha kwanza. Kitabu hicho kitapita katika duka fulani, katika rafu fulani, kabla ya kufika mikononi mwao. Tukikiacha rafuni mpaka waje, watakikuta.